Bajaji ya Theluji

Ndugu yangu, kama umeoa na umezaa utanielewa bila maelezo mengi. Majira ya joto ya 2022 tulihamia nje kidogo ya Duluth, Minnesota, kwenye nyumba iliyozungukwa na miti, yenye njia ya changarawe ya mita 120 kutoka barabarani hadi mlangoni. Mama Neema aliipenda njia ile kuliko nyumba yenyewe. Alisema inamkumbusha ya kwao Makete. Nikatia saini. Mambo ya Makete yakishatajwa, mimi huwa sina neno.

Baridi ya mwaka ule ilikuja na deni lake. Hadi msimu unaisha, Duluth ilikuwa imepata inchi 140 za theluji, zaidi ya mita tatu na nusu, rekodi ambayo mji haukuwahi kuiona. Mwanangu mkubwa, tunayemwita Injinia, alikaa mezani na kalamu. Njia mita 120, upana mita nne, theluji sentimita 30. Theluji iliyotulia kidogo ina kilo kama 100 kwa kila mita ya ujazo. Akaniangalia. "Baba, ni magunia 144 ya mahindi." Ghalani kulikuwa na mabeleshi mawili. Na greda la barabara, kila likipita, lilituachia tuta mdomoni mwa njia, theluji iliyochanganyika na barafu, ngumu kama tofali.

Jirani yetu, mzee mwenye roho nzuri, akatuazima pikipiki lake la magurudumu manne lenye bleidi mbele. Injinia akaishusha bleidi hadi chini kabisa, akaondoka kwa furaha. Ardhi ilikuwa bado haijaganda. Alipomaliza, njia ilikuwa safi kweli, ila changarawe yote imehamia kwenye nyasi. Tuliiokota kwa reki hadi mwezi wa tano. Siku hizi bleidi yetu ina viatu vya chuma vinavyoiinua kama inchi moja, na theluji ya mwanzo tunaiacha ishindiliwe na kuganda, iwe sakafu.

Zamu yangu ilipofika, nilisukuma tuta la barabarani nikiwa kwenye gia ya mwendo mkubwa. Mashine hizi nyingi hupeleka nguvu kwa mkanda wa mpira, na ukizilazimisha kubeba uzito mkubwa kwa gia ya kasi, mkanda unateleza na kuungua. Harufu ilifika hadi sebuleni. Mama mkwe wangu, tunayemwita Mkuu wa Wilaya, akafungua dirisha. "Baba Neema, mnachoma matairi?" Nikamwambia, "Hapana, Mama." Nikaenda kumnunulia jirani mkanda mpya.

Hapo ndipo kikao cha kununua mashine yetu wenyewe kilipoitishwa. Kila mtu alikuja na lake. Injinia alitaka nguvu za farasi. Mimi nilitaka pikipiki kama la jirani, kwa sababu ya bei. Shemeji yangu Tandamu, aliyeendesha malori miaka mingi njia ya Tunduma, alipigiwa simu kupitia WhatsApp. Theluji hajawahi kuigusa, lakini tope analijua. "Shemeji, nguvu utaipeleka wapi kama tairi halishiki? Weka mzigo nyuma, funga cheni, hakikisha difu inajifunga." Tulipojaribu, kila alichosema kilikuwa sawa. Bleidi huelemea mbele na kuyapunguzia uzito magurudumu ya nyuma, kwa hiyo leo bodi ya mashine yetu hubeba mifuko minne ya mchanga kuanzia mwezi wa kumi na moja.

Mkuu wa Wilaya alikuwa akitutazama dirishani tangu mwezi wa kumi na mbili, shali mabegani. Huko kwao umande huganda juu ya majani ya viazi mwezi wa sita na wa saba, baridi si mgeni wake. Akasema, "Mnatupa karibu. Anayefagia uwanja husukuma taka mbali kwanza, akijua kesho kuna nyingine." Kweli, kingo tulizozijenga ziligeuka kuta za barafu, na kila wiki njia ilipungua. Kufikia mwezi wa pili gari lilipita likikwaruza vioo. Na kuisukuma theluji upande wa pili wa barabara huwezi, sheria ya Minnesota inakataza.

Mama Neema, mhasibu wetu wa nyumba japo kazi yake ni uuguzi, alinyamaza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Mama atakaa wapi?"

Tangu theluji ianze, mama yake alikuwa hajatoka nje kwa kuogopa kuteleza. Miezi minne dirishani. Hakuna mwingine aliyekuwa amelifikiria hilo, na baada ya swali lile kikao kilikuwa kimekwisha.

Tulinunua iliyotumika: mashine ya magurudumu manne yenye viti viwili vya kukaa sambamba, kabini, hita, waipa na bodi ndogo nyuma. Neema, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, alipoiona tu akatangaza, "Baba kanunua bajaji!" Jina likabaki. Uani kwa muuzaji alitumia futikamba ya kushonea ya bibi yake kupima bleidi: inchi 72. Ukiigeuza pembeni nyuzi 30 ili imwage theluji ukingoni, inabaki kama 62. Tukapima na upana wa matairi, maana bleidi ikiwa nyembamba kuliko matairi unapanda juu ya theluji uliyoimwaga mwenyewe. Ilizidi kidogo. Mama Neema akalipa.

Sasa theluji ikianguka usiku, saa kumi na moja alfajiri nasikia injini ikipashwa moto. Ni Mama Neema, kabla ya zamu yake ya saa moja. Mimi na Injinia tunabaki na mabeleshi, kusafisha ngazi na mlango wa gereji. Bajaji inashuka taratibu kwa gia nzito, taa zake zikipasua giza la misonobari, na kwenye kiti cha pili yumo Mkuu wa Wilaya, kitenge juu ya koti, chupa ya uji mapajani, akionyesha kwa kidole pa kumwaga.

Wakifika barabarani hawarudi mara moja. Wanaingia kwa yule mzee jirani, wanamfungulia njia yake, na bibi anashusha kioo kumsalimia kwa Kikinga. Mzee humjibu kwa Kiingereza, wakacheka wote wawili. Wakirudi, uji umekwisha.