Jinsi ya Kuzika Hesabu Kabla ya Agosti

Mitihani ya Senior Six huanza Novemba na kwisha mapema Desemba. Makerere hupokea wanafunzi wapya Agosti. Kipindi kilicho katikati vijana wa Kampala hukiita vaki, na ndiyo likizo ndefu kuliko zote atakazopata mtu mpaka astaafu. Ukijipanga vizuri, miezi hiyo minane inatosha kabisa kumchukua mwanafunzi aliyemaliza hesabu za P425, karatasi zote mbili, na kumfikisha mahali ambapo asilimia kumi ya shilingi 20,000 haipatikani bila simu. Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka kufika huko bila kuzungukazunguka.

Anza na madaftari. Usiyachome, moshi utawaleta majirani na majirani watakuja na maswali. Yapeleke Wandegeya kwa wauza karanga, wanayapima kwa kilo. Kitabu cha hesabu cha Backhouse mrudishie binamu aliyekuazima, pamoja na ule ukurasa uliochanika tangu enzi za baba yake. Kikokotoo mpe mdogo wako anayeingia Senior One. Usimwonyeshe sehemu ya takwimu, maana wewe mwenyewe kwa miaka sita hukuwahi kuibonyeza ila kwa bahati mbaya.

Desemba na Januari hazihitaji maelekezo. Zinajiendesha.

Februari mzazi atachoka kukuona kwenye kochi, na atakuandikisha kozi ya kompyuta ya wiki sita. Usiogope. Hapo utajifunza Excel kwa namna isiyoweza kukudhuru: utapaka visanduku rangi ya kijani, utaandika bei za sukari, sabuni na unga zikipangana vizuri, kisha utatoa simu mfukoni, utajumlisha kwa simu, na utaandika jibu kwa mkono chini ya safu. Mwalimu atapita nyuma yako, atasema safi sana. Utapewa cheti chenye muhuri. Kwa muda wote huo kompyuta ya mamilioni imekaa mbele yako ikisubiri alama moja tu ya sawasawa ili ikusaidie, na hukuipa. Huo ndio uvumilivu ninaouzungumzia.

Matokeo ya mitihani ya UNEB yakitoka, kaa pembeni utazame muujiza. Ssenga, yaani shangazi yako, ambaye miaka yote amekuwa akisema hesabu si za ukoo wetu, atavuta bahasha kuukuu na kuomba kalamu. A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4. Masomo mawili ya lazima kwa kozi unayoitaka yanazidishwa kwa 3, linalofuata kwa umuhimu kwa 2. Hesabu A, hiyo 18. Uchumi B, 15. Jiografia C, hiyo 8. Tayari 41, na kalamu haijainuka. Kama mtoto ni wa kike anaongeza ile 1.5 iliyoanzishwa mwaka 1990 ili wasichana waongezeke vyuoni. Halafu anageuza bahasha, anaanza upya kwa kozi nyingine yenye uzito mwingine, analinganisha na kikomo cha pointi cha mwaka jana, anakisia cha mwaka huu kitapanda kwa kiasi gani, na kutoa hukumu: ile ya kwanza hapana, hii ya pili jaza. Jumla zenye uzito, mwelekeo, makisio, yote kwenye bahasha ya bili ya umeme. Huyo ni mtakwimu. Usimwambie, atakasirika.

Sasa chagua kozi isiyo na hesabu. Hapa ndipo vijana wengi hukosea, kwa hiyo soma taratibu. Ukikimbilia biashara, takwimu za biashara zinakungoja mlangoni. Ukikimbilia ustawi wa jamii au maendeleo, utaambiwa kuna utafiti, na utafiti una sampuli, na sampuli ina ukubwa unaopatikana kwa fomula. Ukikimbilia ualimu, utatakiwa kujua kusahihisha na kulinganisha madaraja ya watoto sitini. Na usijidanganye kwamba Makerere watakusahau: pale mlimani walianzisha taasisi nzima ya takwimu na uchumi tumizi mwaka 1969, na leo ni Skuli ya Takwimu na Mipango. Wamekuwa wakijiandaa kukupokea kabla mama yako hajazaliwa.

Hatari nyingine iko barabarani. Wiki iliyopita pale Wandegeya niliuliza boda sita bei ya kwenda Ntinda. Wa kwanza alisema 4,000, wawili wakasema 5,000, wa nne 6,000, wa tano akanitazama viatu akasema 15,000. Wa sita alinisikia nikisema Kiswahili, akanidhani askari, akasema, “Afande, toa utakachotoa.” Ukijumlisha watano waliotaja bei na kugawa, wastani ni 7,000, na hakuna hata mmoja wao aliyetaja 7,000. Ukiwapanga kuanzia wa chini hadi wa juu na kumchukua wa katikati, ni 5,000, na hiyo ndiyo bei ya kweli. Yule wa sita ni data iliyokosekana, na sababu ya kukosekana kwake ni mimi niliyeuliza. Mhadhara wa wiki tatu umekwisha kabla pikipiki haijawashwa. Ili kuepuka janga kama hilo, mwachie mwenzako aulize bei.

Sensa nayo iepuke. Mei 2024 vijana walizunguka nchi nzima na tableti wakihesabu watu, na Uganda ikatoka na milioni 45.9. Aliyegonga milango ile hasahau tena tofauti ya kaya na nyumba, wala kwa nini swali baya huleta jibu baya. Baki nyumbani uhesabu kaloli, wale ndege wanaokaa juu ya jalala. Kwa sampuli hiyo utathibitisha kwamba Kampala ina kaloli wengi kuliko watu, jambo ambalo baadhi yetu tumelishuku siku nyingi.

Mtu akikuambia Wamarekani huwa na masomo ya hesabu ya kiangazi kwa wanaoingia chuo, mjibu kwamba sisi tuko kwenye ikweta, kiangazi hicho hakijafika. Usimtajie Entebbe. Mwaka 1962, wakati wa kiangazi hichohicho cha Wamarekani, wanahisabati kutoka Afrika, Uingereza na Marekani, wakiongozwa na W. T. Martin wa MIT, walijifungia huko kando ya Ziwa Nyanza kuandika vitabu vipya vya shule. Vikaitwa hesabu za Entebbe, vikasambaa katika nchi kadhaa za Afrika, vikiwa na seti na mstari wa namba, na wazazi wakashindwa kuwasaidia watoto kazi za nyumbani. Hebu fikiria: ziwa lile, samaki wale, na mtu anaandika kuhusu seti tupu.

Lakini adui mbaya kuliko wote ni nusu saa kwa siku. Nusu saa ya sehemu, asilimia, milinganyo midogo na kuchora grafu ya mstari, kuanzia Juni tu, huharibu kazi yote ya miezi sita. Nimewaona walionaswa. Oktoba mhadhiri anaandika alama ya jumla ubaoni, darasa zima linainama kutafuta kalamu zisizopotea, wao wanaendelea kunakili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jana nilinunua karanga za shilingi 1,000. Zilikuwa zimefungwa kwenye ukurasa wa daftari la Senior Six: mchoro wa kengele, wastani umepigiwa mstari mwekundu, mwandiko mzuri, na pembeni mwalimu ameandika “Vizuri”. Mafuta yameingia upande wa kulia, lakini kushoto panasomeka. Mwenye nao aje auchukue. Nitautunza mpaka Agosti.