Sifa za Utitiri wa Maji

Utitiri wa maji ni ndugu wa buibui na kupe ambaye dunia bado haijampa heshima anayostahili. Aina nyingi hazifiki hata milimita tatu. Kwenye kata ya maji yaliyochotwa lamboni huonekana nukta nyekundu inayokimbia huku na huko, na mchotaji huimwaga bila kuuliza jina. Jina huenda analo: zaidi ya aina 6,000 zimekwisha kuandikwa, na bara pekee lililomkosa ni Antaktika.

Kisesa, mji unaokua mashariki mwa Mwanza kwenye barabara ya Musoma, una kila anachokihitaji utitiri huyu: malambo ya kunyweshea ng'ombe, majaruba ya mpunga, madimbwi ya masika, na Ziwa Victoria si mbali. Humo hutembea kwa miguu yake minane akiwa amevaa wekundu, ambao ni onyo zaidi kuliko pambo. Samaki akimtia kinywani humtema upesi, kwa kuwa tezi za ngozi yake zina ladha mbaya. Mapafu hana, hewa hupenya ngozini, na hivyo hana haja ya kupanda juu kuhema.

Ukuu wake huanzia utotoni. Lava, mwenye miguu sita tu, humvizia mbu anayekaribia kutoka majini, na mbu akipata mabawa naye hudandia. Humtoboa, humnyonya, na kusafirishwa bure kama abiria wa daladala aliyesahauliwa na konda. Mbu jike akirudi majini kutaga, abiria hushuka. Aliyedandia dume amekosea gari, maana dume hana mayai ya kumrudisha majini. Mbu aliyebebeshwa wengi hutaga kidogo na hufa mapema, na akishakua, utitiri wa aina kadhaa hula hata mayai ya mbu. Kwa mkoa unaougua malaria, huu ni wizi wa kupongezwa, tena usioomba bajeti. Uaminifu tu ndio asitarajiwe kuwa nao: wenzake wengine humnyonya kereng'ende, ambaye naye ni adui wa mbu.

Heshima yake kamili huonekana pale aina mpya inapotangazwa. Kwanza hutunzwa asiharibike: pombe kali humkakamaza miguu, kwa hiyo huhifadhiwa katika mchanganyiko wa gliserini, maji na asidi ya siki unaoitwa kwa jina la Ferdinand Koenike wa Bremen. Huyo ndiye aliyechapisha, mwaka 1893, maelezo ya utitiri wa maji waliokusanywa Afrika Mashariki na Franz Stuhlmann na kuwekwa katika makumbusho ya Hamburg. Kabla yake Mdenmaki Otto Friedrich Müller alikwisha kumwandikia kitabu kizima mwaka 1781. Watemi wa Usukuma wametunziwa ngoma na viti vyao katika makumbusho ya Bujora, hapo hapo Kisesa. Utitiri naye hutunziwa kioo chembamba chenye lebo, na wataalamu huinama juu yake kwa hadubini zaidi kuliko walivyowahi kumwinamia mtemi yeyote.

Kinachopimwa ni vipande vitano vya kila kigusio cha mdomo, mabamba ya chini ya miguu, na tundu la uzazi, vyote kwa mikromita. Kisha mmoja huteuliwa kuwa kielelezo cha jina; tangu mwaka 2000 kanuni za kimataifa zinamtaka mwandishi amtaje waziwazi na kusema amehifadhiwa wapi. Jina lenyewe ni hiari ya mwandishi. Mwaka 2014 Vladimir Pešić na wenzake walimpa mmoja wa Puerto Rico, wa baharini huyo, jina la Litarachna lopezae, kwa heshima ya mwimbaji Jennifer Lopez ambaye nyimbo zake ziliwachangamsha wakiandika.

Tatizo hubaki kwa majike. Katika jenasi ya Arrenurus, dume ana mkia mgumu wa umbo lake mahususi, ambao humsaidia katika kujamiiana na humfanya atambulike mara moja. Majike wa aina mbalimbali hufanana mno. Akipatikana jike peke yake, lebo yake huandikwa jina la jenasi tu, na kioo hurudishwa sandukuni mpaka dume achotwe kwenye lambo lile lile.