Mkate Uliolala

Jana magharibi, kabla kokwa ya tende haijatoka kinywani mwangu, mtoto wa wifi yangu, ambaye hata kufunga hafungi, aliinua kawa lililofunika mkate wangu, akachungulia, akauliza kwa sauti ya muadhini: "Nani kaleta chapati?"

Hakuna aliyejibu. Watu wote walikuwa na kitu kinywani, kwa hiyo kimya chao kilikuwa na udhuru, lakini niliiona midomo ya wifi ikitetemeka, na si kwa baridi, maana Ukunda mwezi huu hata sakafu inatoka jasho. Mavyaa akasema, "Mwache mwenzio, huo ni mkate wa sinia." Mtoto akachungulia tena ili ahakikishe, akauliza, "Wapi?"

Chapati ningeivumilia. Lile "wapi" ndilo lililoniweka macho mpaka daku.

Utauliza, na ni haki yako: mtu anaujua mkate wake umelala, kwa nini aufunge kwa leso, aupakie matatu Msambweni, aupitishe Gazi na Mwabungo mchana kweupe, aende kuutua mbele ya wakwe? Ni kwa sababu ya Ramadhani. Katika miezi mingine kumi na mmoja, mkate kama ule haufiki hata mlangoni. Nina utaratibu wangu. Kitu kikiniharibikia nafunga mlango wa jiko, naketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nakila chote, hata kama kilikusudiwa ukoo mzima, mpaka sufuria ing'are. Kisha natoka na kutangaza kwamba gesi imeniishia. Ushahidi ukishaliwa, kesi hakuna.

Na si kwa vya jikoni tu. Nikituma barua ya kazi, kisha nikaona nimeandika "mheshmiwa", dawa yake ni viazi karai vya stendi, na ukwaju wa kumwagia mpaka karatasi ilowe. Nikikosea jina la marehemu mbele ya wafiwa, nanunua mabuyu, natafuna hadi ulimi uwe mwekundu na mtu asiweze kunihoji. Siku moja niliambiwa "leo umependeza", nikaanza kuwaza jana nilikuwaje. Nilimaliza bakuli la kaimati peke yangu, na shira yake nikainywa.

Sasa huo mkate wa sinia. Niwie radhi hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi wanaula tu na chai ya maziwa bila kujua kuna hatari gani imepita.

Mchele unalowekwa usiku. Asubuhi unasagwa pamoja na tui la kwanza, lile zito, na iliki na hamira, mpaka ukichukua tone ukalifikicha kati ya kidole gumba na cha shahada usihisi chenga hata moja. Uji huo unafunikwa uumuke. Sukari wengine huitia mwanzoni. Mimi huitia baadaye, kwa sababu sukari nyingi huinyang'anya hamira maji na kuizubaisha. Kisha uji unamiminwa katika sufuria iliyopakwa samli, ambayo imeshapashwa moto. Makaa chini yawe machache, ya juu yawe mengi. Kupalia ndiko kunakoupa mkate uso wake, na kila mpishi wa hapa ana hesabu yake ya makaa ambayo hamwambii mtu, hata bintiye anamwambia pungufu.

Lakini kilichonishika mimi miaka hii yote ni yanayotokea chini ya ule mfuniko. Mkate wa ngano una ulinzi. Ngano ina gluteni, utando unaovutika na kuishika hewa ya hamira, ndiyo maana donge la maandazi hata ulipige ngumi linaumuka upya. Mchele hauna gluteni. Uji wake unashikilia mapovu kwa sababu moja tu, kwamba ni mzito kiasi. Ukiwa mwepesi, mapovu yanapanda juu yanapasuka. Ukiwa mzito kupita kiasi hayatuni. Ukiuacha uumuke hadi ukajisahau, vipovu vidogo vinaungana, vinakuwa vikubwa, vinapasuka vyenyewe, na uji unashuka mbele ya macho yako. Kinachouokoa ni wanga wa mchele wenyewe: ukifika joto la kama digrii 70 unavimba na kuganda, na vile vitundu vinabaki vimesimama. Ila hamira nayo ni kiumbe hai, na joto likikaribia digrii 60 inakufa. Na sukari, ambayo bila yake huo si mkate, inauchelewesha wanga kuganda. Kwa hiyo kuna dakika kadhaa, gizani, chini ya makaa, ambapo hamira imeshakufa na wanga bado haujaganda. Wakati huo mkate hauna mwenyewe. Ndivyo ilivyo hata kwa wale wapishi hodari wa harusini. Kila mkate wa sinia uliowahi kuula umepita hapo.

Kwa Ramadhani kuna na mtihani wa kuonja. Mpishi ana ruhusa aonje kwa ncha ya ulimi na kutema, madhali hakumeza kitu. Nikaonja sukari, nikatema. Nikaingiwa na wasiwasi kwamba sikutema yote, nikasukutua. Nikaingiwa na wasiwasi kwamba maji ya kusukutua yamepita, nikatema tena mpaka koo likanikauka, na utamu wenyewe nikawa nimeshausahau. Mtu wa tabia yangu asipewe kitu cha kuonja.

Saa tisa na robo nikafunua. Mkate ulikuwa chini ya sufuria, unene wa kidole, umelala sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Rangi yake ilikuwa nzuri mno, hudhurungi ya kung'aa, na harufu ya iliki ilijaa hadi uani. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ungeungua ningejua la kusema.

Nikaanza uchunguzi. Pakiti ya hamira ilikuwa na vumbi begani. Nazi mbili kati ya nne zilikuwa bado changa, na nazi changa tui lake ni maji. Makaa ya upande wa dirisha yalipigwa na upepo wa bahari. Jirani aliniita langoni kuniuliza kama nimemwona kuku wake. Kila mmoja nilimhukumu kwa zamu, nikamwachia, nikamkamata tena, na mwisho wa kila mzunguko aliyebaki kizimbani ni mimi. Hapo mkono wangu wenyewe ulishaukata ukingo wa mkate. Ulishaufikisha kidevuni. Nikakumbuka.

Kutoka saa tisa hadi magharibi ni muda mrefu wa kukaa na aibu bila kitu cha kutafuna. Nilifungua friji nikaifunga. Nikaifungua tena, mazoea tu, nikamwangalia embe, embe akaniangalia. Nikatoka uani, nikafagia palipokwisha fagiwa. Nikagundua jambo ambalo umri huu wote sikulijua, kwamba njaa ilikuwa upande mmoja na ile nyingine upande mwingine. Njaa ilikuwa tumboni, tulivu, inajua saa yake ya kufungua. Ile nyingine ilikuwa juu zaidi, hapa kifuani chini ya koo, na haikutaka chakula. Ilitaka mtu aje aseme basi. Kwa kuwa hakuna aliyekuja, na mdomo umefungwa kwa amri ya Mungu, ikawa inapanda na kushuka yenyewe. Nilipokuwa ndani ya matatu, karibu na Gazi, nikajikuta natazama minazi dirishani na sijui ni tangu lini nilikuwa nimeacha kuuwaza mkate.

Ila makanga alinikumbusha. "Anti, hiyo leso umebeba nini?"

"Mkate wa sinia."

Akaupima kwa kiganja. "Mbona hapa naskia sinia peke yake?"

Nikizungumzia hiyo ya kifuani, kuna utafiti ninaupenda kwa sababu umenitaja bila kunijua. Mwaka 2007 huko Marekani, Claire Adams na Mark Leary waliwapa wanawake donati wale. Baadhi yao wakaambiwa maneno machache ya upole: wasijilaumu kwa kuila, kila mtu hula vitu hivi. Wengine hawakuambiwa kitu. Halafu wakawekewa peremende eti waonje tu, na nyuma yao watafiti wakapima zilizoliwa. Wale walioambiwa wajihurumie walikula peremende chache zaidi, na tofauti ilionekana hasa kwa wanawake wenye mazoea ya kujibana. Mimi maisha yangu yote niliamini kinyume, kwamba nisipojisema nitazidi kuharibikiwa. Kumbe kule kujisema ndiko kulikokuwa kunanituma kwa muuza viazi.

Basi, mavyaa aliukata. Alikata vipande vya pembe nne kama vya mkate wenye kimo, akaweka mbele ya kila mtu, akachukua chake, akachovya katika chai. Akaanza kusimulia. Alipoolewa alipelekwa Ramisi, siku ambazo kiwanda cha sukari kilikuwa bado kinafanya kazi, kabla hakijafungwa mwaka 1988. Ramadhani yake ya kwanza ukweni akapika mkate wa sinia, ukaumuka vizuri mno, wazee wakausifia kabla hawajauonja. Hakuwa ametia sukari. "Ramisi, mwanangu," akasema, "moshi wa kiwanda ukiingia dirishani." Wifi alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilikuwa nimeingia nyumba ile miaka mingi, nimeogopa jiko la yule mama miaka yote hiyo, na kisa hiki ndiyo kwanza nakisikia.

Na hapa ndipo ninapoudhika, maana angenisimulia mapema ningeokoa pesa nyingi za viazi. Lakini si yeye peke yake. Tunafichana. Kila mmoja wetu ana mkate wake wa Ramisi ameuficha, na hadharani tunatoa kilichosimama tu. Tena tunakipiga picha kwanza, tunaitia kwenye simu na ua la mwasmini pembeni, wenzetu waione wakiwa na sufuria zao zilizolala.

Na wanaume? Shemeji yangu alikuja na barafu ya kununua, akashukuriwa na jamvi zima, mavyaa akamwombea dua. Barafu hailali. Tumefunga saa zile zile, yeye na mimi, ila kuanzia alasiri yeye alikuwa amejinyoosha msikitini kwenye upepo, na mimi nimeinamia makaa. Nilipokuwa msichana, chapati yangu isipokuwa duara ilikunjwa na kurudishwa kuwa donge mbele ya wageni. Kaka yangu aliwahi kuleta muhogo nusu yake umeoza, akaambiwa shamba siku hizi limechoka. Akichoma samaki akaungua, moto ulikuwa mkali. Mkate wangu ukilala, nimelala mimi. Halafu watu hao hao wanakuja kukuuliza, kwa huruma kabisa, kwa nini unajitesa hivyo, kwa nini huridhiki na kitu, na mbona umenenepa.

Mengine ya mwezi huu hayana maneno mengi. Tumbili wa Diani aliiba sambusa zangu dirishani, akaonja moja, akaziacha ukutani. Uji wa pilipili manga uliungua, nikausifia kuwa una moshi wa kienyeji. Leso yangu iliingia kwenye mnyororo wa bodaboda Kona ya Musa, na kwa vile ilikuwa baada ya tarawehe, nilikula bajia tano pale pale barabarani, nikiwa nimeshika nusu ya leso. Hiyo nimeisamehe ilivyo, pamoja na bajia.

Mkate uliisha. Yule mtoto alikula vipande vitatu vya kitu alichosema hakipo, akaomba "ile chapati tamu" tena kesho. Wakati naaga, mavyaa akanishika mkono mlangoni, akaniagiza Idd nilete mkate wa sinia miwili, mikubwa, kwa sababu watakuja wageni wa Vanga.

Kwa hiyo, kama uko kati ya Likoni na Lunga Lunga na unajua duka lenye hamira isiyo na vumbi begani, tafadhali niambie ni lipi. Na kama nazi zao ni pevu, niambie leo.