Yaya Mkasi Anajibu: Neno Refu Likatwe Wapi?

*Yaya Mkasi, mimi ni mwendesha baiskeli ya toleka wa Mangobo, Kisangani, jioni nasoma Kiingereza. Mwalimu alituambia tukate "helicopter". Nikakata heli na copter, darasa zima likacheka. Kosa langu liko wapi? — Miguu Imechoka*

Mdogo wangu, waliokucheka nao hawajui. Visu ni viwili. Cha mdomo hukata he-li-cop-ter, silabi 4. Cha maana hufuata Kigiriki: helico, kitu kilichojisokota kama skrubu, na pter, bawa. Nani angeotea kwamba mshono uko katikati ya "cop"? Wenye lugha yao wenyewe walikata kama wewe, ndiyo maana leo wana "heliport".

Na usiseme ni wazimu wa Wazungu. Chukua "hatutawapelekea". Mdomoni: ha-tu-ta-wa-pe-le-ke-a. Kwa maana: ha-tu-ta-wa-pelek-e-a. Ile K silabi inaivuta kulia, mzizi unaing'ang'ania kushoto. Nawe unalitamka huku unakanyaga pedali na abiria yuko nyuma na gunia lake.

*Yaya, baba mkwe wangu ni Mlokele. Anasema wazee wake walipiga silabi kwenye ngoma ya lokole bila kamusi. Mbona mimi nateswa na "photography"? — Bibi Harusi wa Juzi*

Mama, mkwe wako kasema kweli, ila hakukumalizia. Lokole ina sauti mbili, ya juu na ya chini, na kila silabi ina pigo lake. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, hapo tu ukiteremka mto kutoka Kisangani, alitoa kitabu juu ya ngoma hizi mwaka 1949. Anaeleza kwamba kwa Kilokele mapigo ya mwezi na ya kuku ni yale yale. Basi mpigaji huongeza maneno: mwezi unaotazama dunia kutoka juu, kuku, yule mdogo aliaye kiokio. Angepiga silabi tupu, ungengoja mwezi ukaletewa kuku.

Sasa "photography": photo ni mwanga, graph ni andiko. Peke yake ni PHO-to-graph. Ongeza y, mkazo unahama, na G inang'olewa kwa ndugu zake: pho-TOG-ra-phy. Jifariji kwa maneno ya -tion. Mkazo wake hukaa silabi iliyotangulia, in-for-MA-tion, pale pale Kiswahili kinapoupenda. Wenye ulimi wa Kifaransa ndio watakaohangaika.

*Yaya, nachora kibao cha shule. Ukuta umeniishia katikati ya "knowledge". — Fundi Rangi*

Papa, Wamarekani hukata knowl-edge kwa kusikiliza mdomo, njia aliyoifuata Noah Webster katika kitabu chake cha tahajia cha 1783. Waingereza wa mtindo wa zamani hukata know-ledge, ili "know" isiumie. Wote wako sawa. Lakini kama hujalipwa bado, futa, uandike kwa herufi ndogo zaidi.