Jinsi ya Kushona Bendera Ambayo Katiba Yenyewe Itaitambua

Fundi wa Kanja, hapa Embu, kazi imekufikia. Mwalimu mkuu amekutumia bendera ya shule iliyochoka, mweusi umekuwa kijivu, kijani kimeliwa na jua, na pamoja nayo maagizo mafupi: tushonee nyingine kama hii kabla ya Sikukuu ya Jamhuri. Hatua ya kwanza ya mwongozo huu ni kukataa maneno hayo mawili, "kama hii". Pokea kazi, pokea malipo ya awali, mshukuru mtoto aliyeileta na umpe maji, lakini bendera ile ya zamani uiweke kando usiitazame tena. Aliyeishona aliiga nyingine, na huyo wa nyingine aliiga ya ofisi ya chifu, na kila aliyeiga aliongeza kosa lake dogo. Ngao imenenepa. Weupe umepanuka kwa sababu utepe uliokuwa dukani siku hiyo ulikuwa mpana. Mikuki imekuwa mifupi kama vijiti vya kuchokolea meno. Ukiiga, utairithi familia nzima ya makosa na kuiongezea mtoto.

Sasa tafuta bendera halisi. Usiende Nairobi, usiende kwa Mkuu wa Wilaya wa zamani ambaye watu wanasema anayo moja sandukuni. Bendera halisi ya Kenya si kitambaa. Ni maandishi na mchoro. Kifungu cha 9 cha Katiba kinaitaja kuwa alama ya kwanza ya taifa, mbele ya wimbo wa taifa, nembo ya taifa na muhuri wa umma, kisha kinakupeleka kwenye Jedwali la Pili mwishoni mwa kitabu. Huko utakuta maelezo mafupi kuliko risiti ya duka la mbolea: mistari mitatu mikubwa yenye upana sawa, kutoka juu kwenda chini mweusi, mwekundu na kijani, imetenganishwa na mistari myembamba myeupe, na katikati ngao iliyolingana pande zote pamoja na mikuki myeupe. Pamoja na maelezo hayo kuna mchoro wenye vipimo. Basi. Vitambaa vyote vinavyopepea kuanzia Mandera hadi Vanga vinapimwa kwa ukurasa huo.

Nimeona mafundi hodari wakishtuka kusikia kwamba vipimo havitajwi kwa inchi wala sentimita. Havihitajiki. Kinachotakiwa ni uwiano: 6 kwa mweusi, 1 kwa mweupe, 6 kwa mwekundu, 1 tena kwa mweupe, 6 kwa kijani. Jumla yake ni 20, na urefu wa bendera ni 30, yaani mbili kwa tatu. Chagua kipimo chochote upendacho. Ukiamua kipimo kimoja kiwe sentimita 5, mweusi utakuwa sentimita 30, mweupe 5, mwekundu 30, mweupe 5, kijani 30. Hiyo ni mita moja kamili kwenda chini na mita moja na nusu kwenda mbele, bendera nzuri ya mlingoti wa shule. Ukitaka ndogo ya mezani kwa chifu, fanya kipimo kiwe sentimita 1. Ongeza nafasi ya pindo kabla ya kukata. Wengi husahau pindo, mishono ikaja kuula mweupe, na ukitazama kutoka uwanjani mistari hiyo haionekani kabisa. Bendera ya Kenya isiyo na weupe ni bendera nyingine, na baadaye kidogo utaona ni ya nani.

Ngao inataka subira. Ikate kwanza kwenye karatasi ya kaki, uikunje katikati kwa urefu, nusu ifunike nusu. Kama kingo hazilingani, tupa karatasi uanze upya. Neno la Katiba ni kulingana, na ngao iliyopinda ni kosa hata kama mwalimu mkuu ameisifu. Isimame katikati kabisa, ivuke mwekundu, iguse mweusi juu na kijani chini. Mikuki ipishane nyuma yake, ncha zikitazama juu. Ncha hizo zina kazi ambayo wachache huijali: ndizo zinazokuambia haraka kama bendera imepandishwa kichwa chini. Skauti mdogo wa Jumatatu asubuhi, mikono imekufa ganzi kwa baridi ya mlima, hufunga kamba upande usiofaa, kijani kikaenda juu, paredi nzima ikaimba wimbo wa taifa bila kugundua. Mfundishe atazame ncha za mikuki kabla ya kuvuta kamba. Na kwa kuwa ngao imelingana, bendera yako isomeke sawasawa pande zote mbili. Ile iliyochapwa upande mmoja tu, nyuma ikabaki kama kivuli, haifai mlingoti.

Kuhusu rangi, Katiba inataja nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe, haikupi namba ya kiwandani. Hapo una uhuru, lakini usiutumie vibaya. Maruni ya sare za shule si nyekundu. Samawati iliyokolea si nyeusi, hata kama muuzaji wa vitambaa kule Embu mjini anaapa. Chagua kijani ambacho mtu aliyesimama Kanja, mashamba ya majani chai yakiwa mbele yake, atakiita kijani bila kubishana na jirani. Chagua pia kitambaa kisichochuja, maana mvua ya huku haina huruma, na mwekundu ukichujia mweupe utakuwa umeshona waridi ambayo Jedwali la Pili haliijui.

Hapa kuna jambo linalonigusa moyoni. Kila mtoto wa Kenya amefundishwa kwamba nyeusi ni watu wetu, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani, ngao na mikuki ni ulinzi wa hayo yote. Ni kweli na tunapaswa kuendelea kufundisha. Lakini maana hizo hazimo katika Jedwali la Pili. Sheria imeandika rangi na umbo, maana zikaachwa mikononi mwa walimu na wazee. Kwa hiyo ukishashona, kazi haijakwisha mpaka mtu amwambie mtoto kwa nini kuna mwekundu. Katika nchi hii ya Embu na Meru hakuna sababu ya kukosa la kusema. Msitu ulioko juu ya Kanja ni sehemu ya msitu wa Mlima Kenya ambamo wapiganaji wa Mau Mau waliishi kwa miaka, na mmoja wao, Musa Mwariama wa Meru, alitoka humo Desemba 1963 akakutana na Jomo Kenyatta uso kwa uso.

Rangi zenyewe zilianza kabla ya dola. Chama cha KAU kilitoa bendera yake mwaka 1951, nyeusi na nyekundu, na mwaka uliofuata kijani kikaongezwa. Julai 1952, mbele ya umati mkubwa Nyeri, Kenyatta aliwaeleza watu maana ya rangi hizo tatu, na maelezo yake kuhusu nyekundu hayakuwa haya ya darasani leo: alisema damu ya Mwafrika na ya Mzungu ni rangi moja. Miezi michache baadaye hali ya hatari ilitangazwa, KAU ikaja kupigwa marufuku, rangi zikabaki. Chama cha KANU kilipoundwa 1960 kilizichukua. Hivyo uhuru ulipokaribia, chama kilichoshinda uchaguzi kilikuwa tayari kina bendera nyeusi, nyekundu na kijani, na kishawishi cha kuigeuza kuwa ya nchi kilikuwa kikubwa. Kilichozuia ni ile mistari miwili myeupe. Ndiyo inayotenganisha bendera ya Kenya na ya chama, na ndiyo sababu ninakusumbua, fundi, kuhusu pindo. Ukiula mweupe, umeirudisha nchi kwa chama.

Majirani wetu walipita njia hiyohiyo. Tanganyika ilichukua kijani na nyeusi za chama cha TANU, ikaweka mistari myembamba ya manjano kati yake, na 1964 ikaungana na Zanzibar, rangi nazo zikaungana. Uganda ilikuwa imeandaliwa mchoro mmoja wakati wa serikali ya chama cha DP. Chama cha UPC kiliposhinda Aprili 1962 mchoro huo ukawekwa kando, ikaja hii yenye korongo ambayo ilipandishwa 9 Oktoba. Zanzibar ndiyo inayotia uchungu: bendera nyekundu yenye karafuu, ya uhuru wa 10 Desemba 1963, ilikoma 12 Januari 1964, nyingine zikafuata mbiombio kabla ya Muungano wa Aprili, na Wazanzibari wakasubiri hadi 2005 kupata tena bendera yao wenyewe ndani ya Muungano.

Wala usidhani wakubwa wa dunia walikuwa na nidhamu zaidi. Marekani ilipitisha azimio mwaka 1777: mistari 13, nyota 13. Azimio halikusema nyota zipangwe vipi wala bendera iwe na uwiano gani, na kwa miaka 135 kila fundi alipanga nyota alivyopenda, duara huku, safu kule, mpaka rais William Howard Taft alipotoa amri Juni 1912 kuweka vipimo. Uingereza, iliyotawala huku kwa bendera yake kwenye kila boma, haijawahi kupitisha sheria ya Bunge inayoitangaza bendera hiyo kuwa ya taifa. Inategemea tangazo la kifalme la 1801 na mazoea. Kenya yetu, kwa jambo hili, imeandika vizuri kuliko wote wawili. Najivunia hilo na sioni sababu ya kuficha.

Sasa orodhesha kichwani mambo yasiyoifanya bendera kuwa rasmi, maana ndiyo yanayobishaniwa sokoni. Urefu wa mahali hauifanyi rasmi. Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963 Kisoi Munyao aliipandisha bendera yetu juu ya Mlima Kenya, tendo la ushujaa ambalo kila mtu wa huku akitazama mlima asubuhi ya kweupe anapaswa kulikumbuka; bendera ile ilikuwa rasmi kwa sababu ililingana na mchoro, na ingekuwa rasmi vilevile kwenye mlingoti wa mwanzi nyuma ya zahanati. Gari kubwa halifanyi. Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, iliyotungwa 1963, ndiyo inayotawala matumizi yake, na kupeperusha bendera kwenye gari ni haki ya wenye vyeo wachache tu, jambo lililozua vuta nikuvute na magavana miaka ya kwanza ya ugatuzi. Wingi wa wauzaji haufanyi pia. Bangili za shanga za rangi nne ni pambo zuri, zivae, lakini usizifanye kipimo. Na anayetaka kutia alama za taifa kwenye bidhaa zake aombe ruhusa kwanza, maana sheria hiyo inaitaka.

Kaunti nazo zina bendera zao. Embu, Meru na Tharaka-Nithi kila moja ina haki hiyo chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, lakini kwa utaratibu: wananchi washirikishwe, bunge la kaunti lipitishe, na alama isifanane na ya taifa. Ukiletewa kazi ya kushona bendera ya kaunti, usiichanganye na mabaki ya vitambaa vya bendera ya taifa. Dai mchoro uliopitishwa. Kama hakuna mchoro, hakuna kazi.

Limebaki swali ambalo wateja watakuuliza ukiwa umeinama kwenye cherehani: je, waheshimiwa wanaweza kuibadilisha? Wanaweza. Tulipiga kura 4 Agosti 2010, Katiba ikazinduliwa 27 Agosti, na mchoro ule ukawa wetu kwa kura yetu. Kabla ya hapo uliishi katika sheria iliyoweza kurekebishwa na Bunge peke yake kwa kura ya kawaida. Hata hivyo Kifungu cha 255, kinachotaja mambo yasiyoguswa bila kura ya maoni, hakijataja alama za taifa. Muswada ukiletwa, ukapita siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili, theluthi mbili ya wabunge wote na theluthi mbili ya maseneta wote wakikubali, bendera inabadilika bila wewe kupanga foleni. Kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa. Alama iliyotajwa kwanza katika orodha ya taifa ilistahili ulinzi uleule uliopewa ukomo wa muhula wa rais.

Kwa hiyo, fundi, kabla hujakata kitambaa cha shule, fungua Katiba. Jedwali la Kwanza ni orodha ya kaunti 47, ambamo Embu ni ya 14. Geuza ukurasa. Pima mchoro kwa rula, sita, moja, sita, moja, sita. Bendera ikiisha, mpelekee mwalimu mkuu pamoja na nakala ya ukurasa huo, na umwombe aubandike ofisini, ili fundi atakayekuja baada yako asiletewe tena kitambaa kilichochoka na kuambiwa "kama hii".