Ombi la Kupewa Jina la Dhoruba

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi Inayoshughulikia Maafa,

Mheshimiwa, mimi mwalimu mstaafu, mkaazi wa Kombewa katika Seme, ambaye Kiswahili chake alikipata Mombasa alipokuwa akifundisha huko ujanani na hata leo majirani hukicheka, nimeona si adabu kuendelea kuezuliwa paa mwaka baada ya mwaka bila ya kukuarifu rasmi, kwani huenda kimya changu kikahesabiwa kuwa ni ridhaa.

Nianze na shukurani. Maofisa wako walitufikia kwa magari mawili, wakatukusanya chini ya hema, wakatunywesha soda, kisha wakatugawia kijitabu chenye picha za rangi kuhusu namna ya kuiandaa nyumba na aila kwa msimu wa tufani. Nilikisoma chote, hata anwani ya mpiga chapa. Humo nilielekezwa nizibe madirisha ya vioo kwa mbao, nifunge mlango wa banda la gari kwa makufuli mawili, na nilijaze gari petroli mapema ili nipate kukimbia. Na kwa kuwa gari sina, nilikwenda kuijaza baiskeli upepo. Msimu wenyewe, kwa mujibu wa kijitabu, waanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba. Hiyo, Mheshimiwa, ni kalenda ya bahari ya Atlantiki, ambako Wamarekani wana tufani zao. Chwiri yetu, yaani masika, hushuka Machi na kumalizika Mei, hivyo kwamba mtu atakayekifuata kijitabu hiki kwa utiifu ataanza kugongomea madirisha yake siku ambayo bati lake la mwisho limekwisha kutua shambani kwa jirani.

Langu lilitua katika mtama wa jirani mwezi wa Aprili, yapata saa kumi na moja jioni. Nataka nikueleze jinsi lilivyoondoka, maana nadhani kutoka ofisini mambo haya huonekana kama yametokea mara moja, ilhali hayatokei mara moja hata kidogo. Upepo hauanzi na paa. Huanza na msumari mmoja. Wangu ulikuwa kwenye ukingo wa kuelekea ziwani, mpira wake umekauka kwa jua la miaka, na kwa muda wa kama nusu saa ulikuwa ukigonga taratibu, tik, tik, kama mtu mwenye haya anayebisha hodi. Mama watoto akanitazama, nami nikamtazama, na kila mmoja akajua kwamba ni mimi niliyesema tangu Januari kwamba nitapanda kuubadilisha. Akashika kopo la Kimbo lenye vitambulisho vyetu na hati ya shamba, akalitia ndani ya mfuko wa nailoni na kuufunga fundo. Mjukuu wetu wa kike akaingiza kuku na vifaranga chini ya kitanda. Kisha bati zima likaanza kupiga makofi, nami, kwa aibu nakiri, nikapanda juu ya meza nikaning'inia kwenye pao mithili ya popo, kwa matumaini kwamba ratili mia na arobaini za mwalimu mstaafu zingetosha kuizuia nyumba isiruke. Hazikutosha. Jirani alilirudisha bati asubuhi limekunjika kama sambusa, akaomba radhi kwa niaba ya mtama wake.

Baada ya wiki tatu akaja karani wa ofisi yako, kijana mpole, mwenye simu kubwa ya kujazia fomu. Aliandika idadi ya watu, idadi ya mbuzi, idadi ya mabati. Alipofika mahali pa aina ya janga, palikuwa na ukame, mafuriko, kimbunga na mengineyo. Nikamwambia ni upepo wa ziwa, akachagua kimbunga kwa huruma yake, na hapo ndipo simu ilipomtaka aandike jina la kimbunga hicho. Nikasema hakina jina. Akaandika hakina jina, simu ikakataa. Akajaribu mara mbili tena, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Mzee, mfumo haukubali."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari suala hili la majina. Mei 2024, tufani iitwayo Hidaya ilipoelekea pwani yetu ya Afrika Mashariki, taifa zima lilisimama: fukwe zilifungwa, wavuvi wakaamrishwa wasiingie baharini, redio ikawa haina neno jingine, hata ilipofika kisiwa cha Mafia tarehe 4 na kuishiwa nguvu. Siwaonei gere watu wa pwani, ambao wanazijua tufani tangu ile ya Aprili 1872, iliyong'oa mikarafuu ya Unguja na kuzivunja merikebu za Seyyid Barghash, na tena ile ya Aprili 1952 iliyoipiga Lindi, wala wazee wao hawakungoja jina ndipo waamini kwamba wamepigwa. Lakini zingatia, Mheshimiwa, kwamba tufani iliyoitwa hidaya, yaani tunu, ilipewa heshima zote za mgeni wa serikali, ilhali upepo unaotuezua sisi hata jina la utani hauna.

Wenye elimu wamenieleza kwamba kosa ni letu wenyewe, kwa kukaa mahali petu. Tufani huhitaji mzunguko wa dunia ili upepo wake ujipinde na kujisokota, na mzunguko huo karibu na ikweta hauna nguvu ya kupinda chochote. Nayo ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka kwangu, penye alama ambapo wageni hupigwa picha. Tuna dhoruba ya namna nyingine. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, upepo ukaja kutoka majini na kupanda vilima, na alasiri mawingu yakajaa; usiku nchi hupoa kabla ya ziwa, pepo zikateremka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji, na hapo ngurumo huanza, saa zile zile ambazo vijana wavuao omena, dagaa wetu wa ziwani, wako katikati na taa zao, kwa kuwa omena huvuliwa gizani. Wanaokufa katika ziwa hili zima hukadiriwa kuwa maelfu kila mwaka. Wengi hufa wawili wawili, watatu watatu, mtumbwi mmoja mmoja, na habari yao haivuki ufuo walioondokea.

Kwa hiyo naomba jina. Taratibu za dunia zataka upepo ufikie kama kilomita 63 kwa saa mfululizo kabla ya kubatizwa. Sisi hatuna kipimo, ila tuna mtama wa jirani. Na ili kukupunguzia kazi, nimetayarisha orodha kwa alfabeti, kama wafanyavyo Wamarekani: Ahadi, ambayo huja kwa kishindo na kupita bila tone, Bajeti, ambayo hutangazwa sana na kuanguka kwingine, Chai, ambayo haipiti penye kizuizi bila kusimama, Dharura, ambayo hufika baada ya wiki tatu. Kule kwao jina la tufani iliyoua watu wengi hustaafishwa lisitumike tena, kama lilivyostaafishwa Katrina baada ya 2005. Hapa kwetu nalo listaafu, ila nakuonya kwamba jina hilo litahitaji barua ya mwajiri na nakala mbili za kitambulisho, nami naijua foleni ile.

Nakumbuka Oktoba 2023 tulipoambiwa, kutoka juu kabisa, kwamba El Niño haiji tena. Tukafurahi, ikaja Novemba. Jina ilikuwa nalo, tena la Kihispania, na bado ilikanwa mlangoni. Naona basi kwamba huenda hata jina lisinifae sana.

Ikiwa orodha yangu itahitaji kwanza kamati, nayo kamati ihitaji warsha, nayo warsha ihitaji hoteli ya Kisumu yenye kutazama ziwa, sitaharakisha mambo. Nitumie tu kwa sasa misumari ya mabati ya inchi tatu yenye mpira mpya, ratili mbili, kabla ya Machi. Ngazi ninayo, na mama watoto amekwisha kuiegemeza ukutani.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu, Kombewa