Posho ya Ushirikiano

Kuongoza timu ya fani mbalimbali ni kuwafanya mhandisi, mchumi na bwana shamba wachimbe mtaro mmoja. Machakos, nchini Kenya, haikupungukiwa na wataalamu. Miaka ya 1930 wakoloni waliona mmomonyoko, wakalaumu ng'ombe. Mwaka 1938 wakaanza kuwatwaa na kuwauza, na Wakamba wa huko, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaandamana hadi Nairobi. Kwenye timu hiyo ya wajuzi, mfugaji hakuwa mjumbe.

Kazi ilinoga baadaye, vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, wengi wao akina mama, viliporuhusiwa kujichagulia viongozi. Wakachimba fanya juu: udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu wa mteremko, ngazi ikajijenga yenyewe mvua hadi mvua. Kiongozi naye alishika jembe, jambo ambalo miongozo mingi ya uongozi hulisahau. Hapakuwa na posho ya kikao, wala karatasi kubwa ukutani ya "matarajio ya washiriki".

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuonyesha kwamba watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Somo hilo sasa hufundishwa hotelini, baada ya chai ya saa nne.